Mtetea Mgongo Wazi: Mwongozo Kamili wa Kumtibu, Kumkinga na Kumshonea Kizibao Kinachokaa

Picha ninazotumiwa zinafanana sana. Mtetea wa nyumbani, mgongo umebaki ngozi tupu nyekundu, kisogo nacho kimenyonyoka, na juu yake kuna kitambaa kilichoshuka upande mmoja na kumnasa bawa. Mwenye kuku anaeleza kwamba kashona vizuri tu lakini kila asubuhi anakikuta kimevuka, au mbaya zaidi anakitoa baada ya wiki anakuta chini yake kuna kidonda ambacho hakikuwepo.

Kizibao chenyewe, yaani kile kitambaa cha kumfunika mtetea mgongo ili kucha za jogoo zisimchane, ni kitu kizuri na nakitetea kabisa, kimeokoa mitetea wengi. Shida ni kwamba watu wanaanza nacho. Kwenye huu mwongozo kizibao ni hatua ya sita, na kuna sababu: ukikivisha juu ya ngozi yenye utitiri, au juu ya kidonda kibichi, au ukamvisha mtetea anayeishi na majogoo watatu kwenye uwanja mdogo, tatizo linaendelea chini kwa chini na wewe huoni. Kwa hiyo fuata mpangilio, usiruke.

## Vitu vya kuandaa kabla hujamshika kuku

Kwa ajili ya ukaguzi na matibabu:

- Tochi yenye mwanga mkali (ya simu inatosha)
- Taulo kuukuu la kumfunikia kuku
- Glavu na barakoa
- Chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, na pamba au kitambaa safi
- Dawa ya iodini ya kusafishia vidonda, ipo famasi yoyote
- Dawa ya unga ya kuua wadudu iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya kuku, kutoka duka la dawa za mifugo
- Vaselini
- Tupa ndogo ya chuma au msasa, na unga wa ngano kidogo
- Boksi kubwa au tenga la kumtengea mgonjwa

Kwa ajili ya kizibao:

- Suruali kuukuu ya jinzi nyepesi au ya kaki, ya mtumba inafaa kabisa
- Lastiki ya upana wa sentimita 2
- Uzi imara, sindano au cherehani, mkasi
- Futi kamba ya fundi na karatasi ngumu ya kukatia kielelezo, hata boksi la kalenda

Kitambaa cha rangi nyekundu kiache. Kuku wanavutiwa sana na wekundu, watamdonoa huyo mwenye kizibao mpaka akome.

## Hatua ya 1: Msome kuku usiku

Subiri giza liingie na kuku watulie kwenye fito. Usiku hashtuki, hakimbii, na wadudu wanaonyonya damu usiku utawakuta kazini. Mshike kwa mikono miwili ukibana mabawa, mlaze mapajani, mfunike kichwa na taulo, atatulia. Sasa angalia manyoya yametoka WAPI, maana sehemu ndiyo inakuambia sababu.

Mgongo, kisogo na mabega. Hapo ni jogoo. Akipanda anang'ata manyoya ya kisogo kwa mdomo ili asianguke, halafu anakanyaga mgongoni kwa kucha. Mara nyingi utakuta ni mtetea mmoja au wawili tu ndio wameharibika, wenzao wazima, kwa sababu jogoo huwa na vipenzi, au kwa sababu huyo mtetea hana tabia ya kukimbia.

Kuzunguka njia ya haja na chini ya tumbo. Shuku utitiri au chawa, au wenzake wanamdonoa. Fungua manyoya kwa vidole uangalie hadi kwenye ngozi. Chawa wana rangi ya majani makavu na wanakimbia ukimulika, mayai yao ni mafungu meupe yaliyoganda kwenye shina la unyoya. Utitiri ni vidoto vidogo sana vyeusi au vyekundu, na manyoya ya hapo yanakuwa kama yamepakwa grisi chafu.

Kuanzia kichwani na shingoni kushuka chini, na hana kidonda. Huyo anabadilisha manyoya tu. Kuku aliyekomaa hubadilisha karibu mara moja kwa mwaka, anapunguza au anaacha kabisa kutaga, na ukipapasa utasikia vimanyoya vipya vinachomoza. Huyo hahitaji kizibao, anahitaji chakula, nenda hatua ya 8.

Kifuani peke yake. Mtetea anayeatamia hujinyonyoa kifua ili ngozi yake iguse mayai. Muache.

Na kama una kuku wa aina ya kishingo, shingo yake ni tupu tangu anaanguliwa, ndivyo alivyo. Nalisema hili kwa sababu watu wananunua kishingo mnadani halafu wanampaka dawa shingoni wiki nzima.

Kabla hujamrudisha, inua kila bawa uangalie ubavuni. Hapa ndipo wengi wanapokosea na kuku wanakufa. Jogoo akiteleza wakati anapanda, kucha au kile kikwaru chake cha nyuma ya mguu kinaweza kuchana ngozi ya ubavu kabisa, halafu mtetea akishusha bawa kidonda kinafunikwa, anaendelea kula na kutembea kama kawaida. Utakuja kugundua siku ananuka.

*Umefanikiwa kama:* unaweza kusema kwa sentensi moja manyoya yametoka wapi, kuna wadudu au hakuna, kuna kidonda au hakuna.

## Hatua ya 2: Shughulikia jogoo

Uwiano unaofaa ni jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10. Sasa hebu hesabu wa kwako. Nyumba nyingi za mjini zina mitetea watano na majogoo wawili, pengine na vijogoo vitatu vinavyokua vya miezi mitano au sita ambavyo hatuvihesabu kwa sababu bado tunaviona vitoto. Hivyo ndivyo vikali kuliko wote. Jogoo mzima kwanza anazunguka, anashusha bawa moja, anamtongoza mtetea mpaka anakubali kuchuchumaa, lakini kijogoo kinakurupuka tu na kukamata, na vikiwa vitatu mtetea mmoja anapandwa mfululizo.

Fanya hivi:

1. Baki na jogoo mmoja aliye mpole. Wengine watenge, uza au chinja. Ukiweza kuwalea pembeni hadi karibu na Idd au sikukuu za Desemba bei inakuwa nzuri.

2. Angalia ukubwa. Hili halizungumzwi vya kutosha. Watu wanachukua jogoo wa Sasso au Kuroiler (aina za kuku chotara wakubwa) anayepita kilo 3 wanamweka na mitetea wadogo wa kienyeji, labda ching'wekwe ambao miili yao ni midogo kabisa, ili wapate vifaranga wakubwa. Vifaranga utapata, lakini ule uzito mgongoni kwa mtetea mdogo kila siku unamuumiza. Kuchi naye ni mzito na mkorofi, hivyo hivyo. Kama lazima uchanganye, usimwache nao muda wote.

3. Mtenge jogoo kwa zamu. Mtetea akishapandwa, anaendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa siku 10 hadi 14 hivi. Maana yake hata kama unataka vifaranga, jogoo akiingia siku mbili kwa wiki anatosha, siku zilizobaki akae upande wa pili wa wavu. Na kama unachotaka ni mayai ya kula tu, huhitaji jogoo kabisa, mtetea anataga bila yeye.

4. Punguza makali ya kucha na kikwaru. Fanya usiku, jogoo akiwa amefungwa kwenye taulo na mtu wa pili anamshika miguu. Kikwaru kwa nje ni kama kucha lakini ndani kina mfupa hai wenye damu, kwa hiyo usikate, sugua kwa tupa ile ncha tu mpaka iwe butu ya mviringo. Kwenye kucha za vidole mulika tochi kwa nyuma, ukiona kivuli cha mshipa simama kabla hujaufikia. Ikitokea damu, bandika unga wa ngano ukandamize kwa kidole mpaka ikate, halafu usimrudishe kwa wenzake mpaka pakauke.

Onyo: kuna wanaochomeka kiazi cha moto kwenye kikwaru ili ganda lake lichomoke. Acha kabisa. Kinaunguza mguu na kinabaki kimfupa kitupu chenye damu, ni mateso.

*Umefanikiwa kama:* ukikaa uwanjani jioni kwa nusu saa huoni mtetea anakimbia kujificha chini ya gari au juu ya paa kumkwepa jogoo.

## Hatua ya 3: Maliza wadudu, kwenye kuku NA kwenye banda

Hata kama mkosaji ni jogoo, hatua hii ifanye tu, maana chini ya kizibao kuna joto na giza na utitiri unapenda hapo kuliko mahali pengine popote.

Vaa glavu na barakoa, nenda sehemu yenye hewa. Nyunyiza dawa ya unga chini ya kila bawa, kuzunguka njia ya haja, kifuani na shingoni, isugue kwa vidole ifike kwenye ngozi. Isiingie machoni wala puani kwa kuku. Soma maelekezo ya pakti kuhusu siku za kusubiri kabla ya kula mayai, na uziheshimu, hayo mayai wanakula watoto wako.

Rudia baada ya siku 7 hadi 10. Dawa nyingi haziui mayai ya wadudu. Usiporudia, yale mayai yanaanguliwa na baada ya wiki tatu unasema dawa ilikuwa feki.

Viroboto ni kesi ya peke yake. Ukiona vidoto vyeusi vimeganda kwenye upanga (ile nyama nyekundu ya kichwani), kuzunguka macho na masikioni na havitembei, hivyo ni viroboto vimezama kwenye ngozi. Usivikwangue. Paka vaselini nene juu yake vikose hewa, rudia kesho yake.

Banda: ule utitiri mwekundu haukai kwenye kuku mchana, unajificha kwenye nyufa za mbao na chini ya fito, unatoka usiku kunyonya. Kwa hiyo ukipaka dawa kuku peke yake hujafanya kitu. Toa maranda yote uyachome mbali, kwangua nyufa, mwagia maji yanayochemka kwenye fito na viota, acha jua likaushe, paka chokaa, weka maranda mapya.

Halafu wachimbie sehemu ya kuogea vumbi, shimo la upana wa nusu mita na kina cha sentimita 20 hivi, chini ya kivuli pasipopata mvua, ujaze udongo mkavu uliochanganywa na mchanga na majivu ya kuni yaliyopoa kabisa. Kuku anayeoga vumbi anajisaidia mwenyewe zaidi ya unavyofikiri.

Onyo: mafuta ya taa na oili chafu ya gari visiguse ngozi ya kuku hata kidogo. Najua vinatumika sana mtaani. Vinaunguza ngozi, kuku anavimeza akijisafisha kwa mdomo, na vinaingia mwilini.

*Umefanikiwa kama:* usiku ukipitisha karatasi nyeupe chini ya fito, haitoki na michirizi ya damu.

## Hatua ya 4: Tibu ngozi kwanza

Mtenge mgonjwa kwenye boksi au tenga lenye chakula na maji, ila awe anawaona na kuwasikia wenzake, akipotea kabisa siku nyingi atakaporudi watampiga kama mgeni.

Changanya kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Osha kidonda taratibu mpaka uchafu wote utoke. Manyoya yaliyolala juu ya kidonda yapunguze kwa mkasi, usiyang'oe. Kisha paka iodini iliyopunguzwa kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi. Rudia asubuhi na jioni.

Ute wa mshubiri mbichi kwenye ngozi iliyowashwa na jua ni mzuri, wafugaji wengi wanautumia na mimi naukubali kwa ngozi nyekundu isiyochanika. Kwenye kidonda kirefu kilicho wazi mshubiri peke yake hautoshi.

Ogopa nzi. Kidonda cha kuku kwenye joto letu kinaweza kupata funza ndani ya siku moja tu, kwa hiyo tenga liwe na wavu au chandarua kuukuu.

Mpigie daktari wa mifugo au afisa ugani bila kuchelewa ukiona: ngozi imechanika nyama inaonekana, kidonda kinanuka, kuna funza, au kuku amejikunyata na hataki kula. Hizo sio za kubahatisha na antibayotiki za kununua dukani kwa kukisia. Na ukiona vidonda vyenye magamba magumu usoni na kwenye upanga tu, hiyo inaweza kuwa ndui ya kuku, haihusiani na jogoo wala na kizibao.

*Umefanikiwa kama:* ngozi imekauka, imefunga, na wekundu umepungua kuwa pinki. Hapo ndipo kizibao kinaruhusiwa.

## Hatua ya 5: Zima kudonoana

Hii fupi. Kuku wakiona ngozi nyekundu au damu wanadonoa, na wakishaizoea hiyo tabia ni ngumu kuitoa. Kwa kuku wakubwa usizidishe wanne au watano kwa mita moja ya mraba ya banda. Ongeza vyombo vya chakula na maji ili wanyonge nao wafike. Kiota kimoja kwa mitetea watano, na kiwe na kagiza, maana mtetea akitaga kwenye mwanga wenzake wanaona ile nyama nyekundu ya ndani inayochomoza wakati yai linatoka, wanaidonoa. Ning'iniza fungu la mchicha au sukuma wiki usawa wa vichwa vyao ili midomo iwe na kazi.

Ukimjua yule mmoja anayeanzisha ugomvi, mtenge YEYE siku kadhaa, usimtenge aliyeumizwa peke yake. Akirudi anakuta ubabe wake umeshachukuliwa.

## Hatua ya 6: Shona kizibao

Hapa taratibu, sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi.

Pima kuku wako, usitumie vipimo vya kuku wa mtu mwingine. Simamisha mtetea mezani, mtu wa pili amshike.

- *Urefu:* kutoka shina la shingo hadi mkia unapoanzia, halafu toa sentimita 2 au 3. Juu ya shina la mkia kuna kijitezi cha mafuta ambacho kuku anakibonyeza kwa mdomo na kujipaka mwili mzima. Ukikifunika hawezi kutunza manyoya yake, na mkia wenyewe hauinuki vizuri.
- *Upana wa chini:* kutoka shina la bawa moja hadi la pili kupitia mgongoni, ongeza sentimita 3 kila upande ili kifunike juu ya mbavu.
- *Upana wa juu (shingoni):* karibu nusu ya ule wa chini.
- *Lastiki:* chukua uzi, uanzie pembe ya juu ya shingoni, upite mbele ya bega, chini ya bawa karibu kabisa na mwili, utokee nyuma ya bawa urudi hadi ukingo wa kizibao. Urefu huo ulivyo, bila kuvuta, ongeza sentimita 2 za kushonea. Usiipunguze "ili ishike vizuri", hapo ndipo kwapa linapochubuka.

Ili upate picha: mtetea wa kienyeji wa kilo moja na nusu mara nyingi anaangukia urefu na upana wa chini wa sentimita 18 hivi, juu 8 au 9. Sasso jike ni kama 22 kwa 22, juu 10. Ila pima.

Kata kielelezo cha karatasi chenye umbo la kengele, kembamba juu na kipana chini, pembe za chini zikiwa za mviringo. Kiweke mgongoni kwa kuku. Ukiona kinagusa kisogo au kinapanda mkiani, kipunguze sasa hivi wakati bado ni karatasi.

Kata kitambaa ukiongeza sentimita 1 pande zote kwa ajili ya upindo. Safu moja ya jinzi nyepesi au kaki inatosha. Watu wanaweka safu tatu na sponji katikati wakidhani wanamhurumia, halafu Dar, Tanga au Mombasa mwezi wa pili kuku anahema mdomo wazi siku nzima. Kuku hatoki jasho, usimfunge blanketi. Pamba laini ya khanga nayo haifai peke yake, kucha inapenya.

Pinda kingo mara mbili ndipo ushone, ili pasibaki uzi unaochomoza. Hili sio urembo. Uzi mmoja ulioachia ukijizungusha kwenye kidole cha kuku unakaza kila anapotembea mpaka kidole kinakufa.

Shona lastiki kwa upande wa ndani. Mwisho wa kwanza kwenye pembe ya juu ya shingo. Mwisho wa pili kwenye ukingo wa upande huo huo, chini kidogo ya katikati ya urefu wa kizibao. Fanya hivyo kulia na kushoto, upate matundu mawili ambamo mabawa yatapita. Shona kila mwisho kwa kwenda na kurudi mara kadhaa, uzi uliokatika hapo ndio sababu kubwa ya kukikuta kizibao chini asubuhi.

Kama mabega ya mtetea nayo yamenyonyoka, kata kizibao chenye masikio mawili madogo yanayoshuka juu ya mabega, sentimita 4 au 5 kila moja, juu ya pale lastiki inapoanzia.

Shona viwili kwa kila mtetea. Kimoja kikiloa mvua au kikienda kufuliwa, kingine kinavaliwa.

*Umefanikiwa kama:* ukikilaza mezani kinakaa bapa bila kujikunja, na ukivuta lastiki kwa nguvu hakuna uzi unaolia.

## Hatua ya 7: Mvishe

Usiku tena. Mlaze mapajani, weka kizibao mgongoni sehemu nyembamba ikiwa shingoni. Kunja bawa moja taratibu kufuata maungo yake, lipitishe kwenye tundu la lastiki kama unavyomvalisha mtoto begi la shule, halafu la pili. Lastiki ikae kwenye shina la bawa kabisa, karibu na mwili, isiishie katikati ya bawa. Pitisha vidole chini ya kitambaa uyalaze manyoya yote yaelekee mkiani.

Vipimo vitatu kabla hujamwachia:

1. Vidole viwili vinapita chini ya lastiki bila kulazimisha. Kidole kimoja tu kikipita, inabana. Mkono mzima ukipita, asubuhi utakikuta kimevuka.
2. Fungua bawa lote kwa mkono, lifunguke hadi mwisho.
3. Inua mkia, usikute kitambaa kinaufuata.

Siku ya kwanza atafanya vituko: atarudi kinyumenyume, atalala chini, atajigeuza kukidonoa. Usikimbilie kumvua, wengi wanatulia ndani ya siku moja au mbili. Ila kama hali wala hanywi, mvue upime upya. Kama una mitetea kadhaa wenye shida, wavishe wote usiku mmoja ili asubuhi pasiwe na mmoja anayeonekana wa ajabu peke yake.

Kesho yake jioni inua mabawa uangalie makwapa. Baada ya hapo kila wiki mvue kabisa, angalia ngozi, tafuta utitiri, fua kizibao kwa maji ya moto na sabuni, kikauke juani, ndipo avae tena. Mtu anayemvisha na kumsahau mwezi mzima bora asingemvisha.

Usimvishe: mtetea anayeatamia au mwenye vifaranga (vifaranga vinajipenyeza chini ya bawa, vinaweza kunasa kwenye lastiki), kuku anayebadilisha manyoya mwili mzima, au tembe (mtetea mchanga) ambaye bado anakua. Na kama kuku wako wanazurura kwenye vichaka vya miiba, kila jioni wahesabu wakirudi, asiporudi mwenye kizibao katafute mara moja, huenda kanasa.

## Hatua ya 8: Mpe malighafi ya manyoya

Unyoya kwa sehemu kubwa kabisa, kama asilimia 90, ni protini. Mtetea anayekula pumba ya mahindi na makombo ya ugali na wali tu atafunikwa, atatibiwa, na bado atabaki na mgongo wazi kwa sababu hana cha kujengea. Tena kuku wenye upungufu huu ndio wanaookota na kula manyoya ya wenzao.

Rahisi kuliko zote ni chakula kamili cha kuku wa mayai chenye protini ya asilimia 16 hadi 18. Kama mfuko hauruhusu, changanya mwenyewe: kilo 10 za pumba ya mahindi, kilo 2 za mashudu ya alizeti, kilo 1 ya dagaa wakavu waliosagwa. Inafika karibu asilimia 16. Maganda ya baharini yaliyosagwa au chokaa ya mifugo weka kwenye chombo cha pembeni, mtagaji achukue anavyotaka. Mchwa ukiwapata wape, wanaupenda na una protini nzuri.

Tahadhari mbili: dagaa wasizidi hapo, mayai yataanza kunuka samaki, na wasiwe wale wa chumvi nyingi. Soya usiwape mbichi, ikaange au ichemshe kwanza, mbichi inazuia protini isisagike tumboni.

## Utaona nini, na lini umvue

Unyoya uliong'oka na shina lake huanza kuota mapema, ndani ya wiki moja hadi mbili utaona vijiti vya bluu au vyeusi vinachomoza kwenye ngozi. Hivyo vina damu ndani na vinauma vikiguswa, kwa hiyo punguza kumshika na hakikisha jogoo hamfikii hata kidogo kipindi hicho, kijiti kikivunjika kinavuja damu na wenzake watamshambulia. Baada ya wiki sita hadi nane hivi mgongo unakuwa umefunika.

Unyoya uliovunjika katikati hali ni nyingine. Kile kisiki kilichobaki mwili unakihesabu kama unyoya mzima, hautaota mwingine mpaka msimu wake wa kubadilisha. Ndiyo maana mtetea mmoja amepona na mwenzake aliyetibiwa siku hiyo hiyo bado ana visiki kama brashi. Usivikwanyue ili "viote haraka", vinauma sana. Huyo aendelee na kizibao mpaka abadilishe manyoya.

Kuhusu kumvua: manyoya yakishalala vizuri mgongoni na kisogoni, mvue, mwache wiki nzima bila kizibao jogoo akiwa kwa zamu kama hatua ya 2, halafu mkague usiku. Manyoya yakiwa mazima, kifue kizibao ukitunze. Yakiwa yameanza kukatika tena, basi tatizo ni yule jogoo, na hapo usishone kingine. Muondoe, tafuta mpole zaidi au mdogo zaidi kwa mwili, mitetea wapumzike miezi miwili ndipo umwingize.